Gunia la Samaki Kati ya Wakwe

Akoru alikuwa amekula kiapo mbele ya wanawake wenzake wa kanisa, pale Kakuma, kwamba yeye na pikipiki hawatapatana maisha yake yote. Kiapo hicho alikishika vizuri sana. Alikishika mpaka Ijumaa moja aliposhuka Lodwar akitokea Kalokol na gunia la samaki wakavu, akafika stendi ya magari ya Kakuma, asione gari hata moja.

"Magari yako wapi?" akamuuliza makanga aliyekuwa amelala kwenye benchi.

"Yamekodiwa yote, mama. Kuna wazee wanaenda kuposa huko Kakuma. Wamejaa na vigoda vyao, hata pa kuweka mguu hakuna."

Akoru akashika kiuno. Wazee wenyewe walikuwa wanakwenda kwake! Kesho yake, Jumamosi, ndiyo siku binti yake Carol alikuwa anaposwa. Na hao samaki mgongoni ndio wa kuwalisha hao hao wazee waliomnyang'anya gari. Sasa mtu afanye nini hapo? Alale Lodwar, wageni wafike wakute jiko baridi na mama mwenye nyumba hayupo? Aibu hiyo angeipeleka wapi?

Huyo bwana harusi hakuwa amemwona hata siku moja, na wala hakutakiwa kumwona. Kwa desturi ya Waturkana wa ukoo wake, mama na mkwe wake wa kiume hawaangaliani usoni, hawagusani, hawali sahani moja. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia na kuingia porini kama anayetafuta mbuzi aliyepotea. Alichojua Akoru ni jina tu, Ejore, na kwamba alikuwa na kazi Lodwar, huko huko Carol alikokuwa nesi. "Yuko kwenye biashara ya usafiri, mama," Carol alimwambia. Akoru, kwa wema wa moyo wake, akampa huyo kijana lori moja kichwani, na turnboy wa kupakia mizigo.

"Kakuma, mathe? Panda twende. Hata mimi naenda huko huko."

Aliyesema hivyo alikuwa kijana mrefu juu ya pikipiki nyekundu. Wenzake pale stendi walimwita Ndege. Koti lake la kung'aa alikuwa amelifunga kiunoni, na kofia ya pikipiki ilining'inia kwenye usukani, imepinduliwa, imejaa mandazi.

"Hiyo kofia si ya kichwa?" Akoru akauliza.

"Hiyo ni ya polisi, mathe. Wakiwa hawapo, inabeba chakula."

Akoru akaangalia jua, akaangalia gunia, akamwomba Mungu amsamehe kile kiapo. Akajitanda leso usoni mpaka yakabaki macho tu, maana upepo wa Lodwar mchana hauna adabu, unakutia mchanga mpaka kwenye meno. Gunia likafungwa nyuma kwenye keria. Akoru akakaa katikati, na kwa kuwa hakuwa na pa kushika, akamshika yule kijana kiuno kwa mikono miwili.

Ndege akaondoka. Jamani, kuondoka gani kule! Walipita katikati ya mji kama wanafukuzwa. Palipoandikwa taratibu, yeye alizidisha. Kwenye matuta alipita pembeni, kule wanakopita watu kwa miguu, na watu wenyewe wakaruka. Mzunguko wa barabara aliuingia kwa mkono wa kulia ili afupishe njia, akapigia honi gari lililokuwa na haki yake, na juu ya hayo akalitukana.

"Wewe! Utatuua!" Akoru akapiga kelele ndani ya leso.

"Relax, mathe! Mimi naijua hii barabara kuliko walioijenga!"

Walipoacha mji nyuma na lami ikanyooka katikati ya vichaka vya miiba, simu ya kijana ikalia. Hakusimama. Akaichomoa mfukoni kwa mkono mmoja, akaiweka spika, akaibana kati ya bega na sikio, na kwa mara ya kwanza tangu watoke akapunguza mwendo. Msidhani ni kwa usalama. Upepo ulikuwa unamzuia kusikia.

"Ejore, umefika wapi?" ikauliza sauti ya msichana.

Akoru akakaza macho. Jina hilo alilijua. Na ile sauti aliijua zaidi, kwa sababu aliizaa yeye mwenyewe.

"Ndio natoka Lodwar, mpenzi!"

"Umevaa kofia?"

"Nimevaa! Imenibana mpaka masikio yanauma!"

Kofia ilibembea kwenye usukani na mandazi yake.

"Simpati mama kwa simu," Carol akaendelea. "Alienda Kalokol kuleta samaki. Nina wasiwasi kama atapata gari. Ukimwona njiani..."

"Nitamjua vipi na sijawahi kumwona? Na nikimjua si nitakimbilia porini? Carol, yule ni mama mkwe! Namheshimu huyo mama, wewe hujui tu. Kwake hata kivuli changu hakitamgusa."

Na huku mama mkwe amemkumbatia kiuno kwa nguvu zake zote, kidevu kimeegemea mgongoni pake.

Akoru akakiachia kile kiuno kana kwamba ameshika sufuria la moto, nusura aanguke, akakishika tena, akakiachia tena. Ee Mungu wangu, mkwe! Mtu na heshima zake, mwanakwaya, mjane aliyejitunza miaka yote, leo amemkumbatia mkwe barabarani mchana kweupe! Angefanya nini? Akisema, "Mimi ndiye mama yake," basi wazee wangeambiwa, mbuzi wa kusafisha ile aibu angechinjwa, posa ingesimama, na wanawake wa pale kwenye mabomba ya maji wangekuwa na la kuchekea mpaka mvua nyingine. Akishuka, angeshukia wapi? Kulia miiba, kushoto miiba, na kivuli hakuna.

Akafyata ulimi. Lakini kukaa vile hakuweza.

"Simama! Simama nipange gunia!"

"Gunia liko sawa, mathe."

"Liko vibaya! Nimesema simama!"

Kijana akasimama. Akoru akashuka, akalifungua gunia kwenye keria, akalisimamisha katikati ya kiti, kisha yeye akaenda kukaa nyuma kabisa, juu ya vyuma vya keria vinavyochoma kama adhabu. Akalikumbatia gunia. Leso akaishusha mpaka kwenye nyusi.

"Sasa hapo si utaumia?" kijana akauliza bila kugeuka sana, maana alishaanza kutia gia.

"Samaki hawa hawapendi kukaa nyuma. Endesha."

Hivyo wakaenda, mkwe mbele, samaki katikati, mama mkwe nyuma, heshima ikawa imelindwa na gunia moja. Harufu ilikuwa kali lakini Akoru aliifurahia.

Ejore alikuwa mtu wa maneno. Alimweleza huyo abiria wake habari za posa, za wazee waliotangulia na magari, na za huyo Carol mwenyewe. "Kila asubuhi mimi ndiye ninayempeleka kazini. Anakaa hapo hapo lilipo gunia."

"Na yeye huvaa kofia?" Akoru akauliza.

"Nywele zake, mathe! Amezisuka vizuri, kofia itaziharibu. Halafu nina kofia moja tu. Lakini yeye hunisumbua sana kwamba mimi nivae yangu. Namwambia nimevaa, anafurahi, maisha yanaendelea."

Hapo moyo wa Akoru ulimuuma kweli kweli. Alimwona mwanawe amekaa juu ya kiti kile kila siku ya Mungu, kichwa wazi, akipitishwa kwenye mizunguko kwa mkono wa kulia na huyu mwendawazimu. Carol hakuwa na ndugu. Baba yake alifariki angali anatambaa, na Akoru alimlea kwa samaki, kwa makaa, kwa kufua nguo za watu. Hasira ikampanda mpaka kooni. Akaamua pale pale, juu ya vyuma: huyu hapewi mtoto. Wazee watazungumza ngamia na mbuzi watakavyo, lakini mwisho wa yote watamgeukia mama wa binti na kumuuliza neno lake. Mama akisema hapana, hata mtu alete ngamia wa Turkana nzima, anarudi nao. Kesho atasema hapana, na atalisema kwa sauti.

Mbele kidogo wakaona kizuizi cha polisi. Ejore alikiona kutoka mbali, na lo, mtu akabadilika! Akasimama kando, akamiminia Akoru mandazi yote mapajani, akavaa kofia, akavaa koti la kung'aa, akaketi wima. Makombo yalikuwa yanamtoka kwenye masikio.

"Habari ya kazi, afande!"

Yule askari akamzunguka polepole, akasimama kwa Akoru, akamtazama pamoja na gunia na mandazi yake. "Dereva, na kofia ya abiria iko wapi?"

"Mama ana leso nzito, afande."

"Leso!" Askari akatikisa kichwa. "Lami ikigongana na leso, nani atashinda? Leo nakuonya. Siku nyingine pikipiki inalala hapa. Mama, unamjua huyu?"

Akoru angeweza kusema mengi. Angeweza kumsomea makosa yote, na huyo kijana akalala ndani, na kesho pasiwe na bwana wa kuposa. Lakini alimfikiria Carol amekaa amejipamba anangoja, wageni wanaangaliana. Hapana. Kumkataa atamkataa yeye mwenyewe, kwa utaratibu.

"Simjui," akasema. "Simjui hata kidogo."

Walipopita, kofia ikarudi kwenye usukani na mandazi yakarudi ndani ya kofia.

Hawakwenda mbali. Mbele yao lilikuwapo lori refu lililobeba simenti, linapanda mwinuko polepole, na juu ya ule mwinuko barabara ilikuwa haionekani inakoelekea. Katikati ya lami palikuwa na mstari mweupe usiokatika. Hata Akoru, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, alijua mstari ule haukuchorwa kwa urembo.

"Usipite!" akapiga kelele.

Ejore akapita. Wakawa sambamba na lori, moshi puani, gurudumu kubwa linazunguka karibu na goti la Akoru. Wakafika juu. Na kule upande wa pili, ngamia. Kundi zima limejipanga kwenye lami, linavuka kwa raha zake, shingo juu.

Akoru hakukumbuka vizuri kilichofuata. Alisikia breki za lori zikilia, akamsikia Ejore akimwita mama yake, gunia likamsukuma Ejore na yeye akalisukuma gunia, pikipiki ikaacha lami, ikapiga jiwe, ikakata kichaka, ikazama mchangani na kulala ubavu. Lori likapita pale pale walipokuwa sekunde iliyopita, likasimama mbele kabisa, dereva akatoa kichwa, akaona wako hai, akawatusi kwa moyo wake wote, akaenda.

Akoru alijitoa chini ya gunia kwa haraka, na katika haraka hiyo akapitisha mguu upande wa ekzosi. Ngozi ya shavu la mguu wa kulia ikalia chwii. Alipiga ukelele uliowafanya ngamia wageuke wote pamoja.

Samaki walikuwa wamepasuka na kumwagika, mandazi yamevaa mchanga. Ejore alikuwa amekaa chini, uso umekuwa wa kijivu.

"Wewe mbwa wewe!" Akoru akaanza, na akianza Akoru hamalizi leo. "Umeona mstari? Umeona lori? Ulikuwa na macho ama na mandazi? Unabeba watu kama unabeba kuni! Wanao mama zao hao, wanao watoto wao! Unamdanganya msichana wa watu umevaa kofia na kofia inabeba unga! Kila asubuhi unampandisha kichwa wazi, mtoto wa mwenzio, wa pekee..."

Akajiuma ulimi. Nusura aseme.

"Nisamehe, mama," Ejore akasema, macho chini. "Nisamehe. Kesho naenda kuposa."

"Kuposa nini! Kesho ulikuwa uende kuzikwa!"

Kijana akafunika uso kwa mikono akalia. Alilia kama watu wazima wanavyolia, kwa aibu, pua inatoka maji. "Ningekuwa na Carol hapo nyuma," akasema. "Angekuwa Carol."

Akoru naye alikuwa analia ndani ya leso yake, kwa sababu alikuwa anafikiria hilo hilo. Lakini hakumwonyesha.

Wakaokota samaki mmoja mmoja. Kisha Ejore akaipangusa kofia kwa shati lake na kumpa. "Vaa wewe."

"Vaa wewe mwenye usukani."

"Mama, nakuomba. Sitawasha mpaka uvae."

Akoru akaivaa juu ya leso, akashusha kioo. Ndani kulinuka mafuta ya kukaangia. Kutoka pale mpaka Kakuma walikwenda taratibu mpaka punda mmoja akawapita, na Ejore akamwashia taa ya ishara. Simu ililia, hakuipokea mpaka aliposimama nje ya barabara.

Akoru hakutaka afikishwe nyumbani, angejulikana. Akashukia karibu na soko, akamrudishia kofia huku amegeuka.

"Mguu wako umeungua, mama. Ngoja nikutafutie dawa. Unakaa wapi? Unaitwa nani?"

"Naitwa Mama Samaki," akasema, akajitwika gunia, akaondoka akichechemea.

Alipitia kwa Hoodo, Msomali jirani yake mwenye hoteli ya chai, wakaingia nyuma na kufunga mlango. Hoodo akakata kipande cha mshubiri, akaupaka ule ute wake kwenye jeraha, huku Akoru akimweleza. Alipofika kwenye kukumbatia kiuno, Hoodo aliweka mshubiri chini, akaenda kuegemea ukuta, akacheka mpaka akakosa pumzi.

"Wallahi, Akoru! Mkwe!"

"Ukimwambia mtu nakuhama."

"Simwambii. Na kesho utasema nini?"

"Hapana."

"Lakini umesema alilia."

"Kila mtu hulia akianguka. Mimi nataka kumwona anayeogopa kabla hajaanguka."

Basi Jumamosi ikafika. Wazee wa pande zote mbili wakaketi chini ya turubai la kukodi mbele ya nyumba ya Akoru, wageni kwenye viti vya plastiki, wale wa zamani juu ya ekicholong, vile vigoda vyao vidogo vya mbao wanavyotembea navyo kila mahali. Upande wa binti msemaji alikuwa Lokorio, kaka yake Akoru, mtu anayependa kusikia sauti yake mwenyewe. Upande wa Ejore alikuwa mjomba wake Aregae. Akoru mwenyewe alikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango, kama inavyotakiwa, mguu umepakwa mshubiri na hapana yake iko tayari mdomoni.

Nyumba yake iko kando ya barabara kuu. Akasikia pikipiki inakuja. Akatega sikio. Ule mlio aliufahamu, lakini leo ulikuwa wa chini. Ukasimama ng'ambo ya barabara. Lori likapita. Gari jingine likapita. Bibi mmoja na mbuzi wake wakavuka. Pikipiki bado imesimama.

"Huyu mkwe vipi?" Lokorio akalalamika. "Anaogopa kuingia?"

"Anangoja njia iwe wazi," Aregae akajibu, yeye mwenyewe akishangaa. "Tangu nimjue hajawahi kungoja kitu."

Akoru akachungulia kwa tundu la pazia. Ejore alivuka taratibu, taa ya ishara inawaka, koti la kung'aa mwilini, kofia kichwani, mkanda umefungwa kidevuni. Na mkononi alikuwa na kofia nyingine, mpya, nyekundu, bado ina karatasi ya duka.

"Ejok," akawasalimu wazee, akaiweka ile kofia mpya mbele yao kwa mikono miwili.

Lokorio akaichukua, akaigeuza, akaigonga kwa kidole, akachungulia ndani. "Mmetuletea sufuria?"

"Haina mfuniko," mzee mmoja akasema.

Lokorio akaiweka chini, akakitoa kigoda chake, akaikalia kujaribu. Ikateleza, ikamtupa pembeni, watu wakamnyanyua. "Kama kigoda ni kibaya," akasema kwa hasira.

"Ni ya Carol, wazee wangu," Ejore akasema. "Ya kuvaa. Kila siku, kwenda na kurudi."

Carol, aliyekuwa amesimama na wasichana wenzake, akashika kichwa. "Na nywele zangu?"

"Tutasuka upya. Kichwa hatuwezi kusuka upya." Akamgeukia kabisa. "Tena Carol, mbele ya wazee, nilikudanganya. Kila ukiniuliza kama nimevaa kofia, nilikuwa sijavaa. Jana nilimbeba mama mmoja mgeni, nikapita lori juu ya mlima, nikamwangusha mchangani. Mama yule alinitukana matusi ya haki yangu. Asubuhi yote nimemtafuta sokoni nimwombe msamaha, sijampata. Kama mtanikataa kwa hilo, nikataeni, lakini mjue mnamkataa nani."

Aregae alikuwa anamkanyaga mguu anyamaze, na yeye hakunyamaza. Nyuma ya pazia, ile hapana ya Akoru ikaanza kulegea. Hakuna aliyemlazimisha kijana kusema. Hakujua kama kuna mtu anayejua.

Chakula kikaletwa. Mbuzi alikuwapo, na samaki walikuwapo. Ejore akachukua samaki, akatafuna, akasikia mchanga. Akamtazama yule samaki: amevunjika vipande vipande, na kwenye mkia kumekwama mwiba wa kichaka. Akaacha kutafuna. Pale pale upepo ukapiga pazia likainuka, si sana, mpaka kwenye goti tu. Ejore, ambaye kwa heshima alikuwa ameinamisha macho chini, akaona mguu wa kulia wa mwanamke. Shavu la mguu limeungua alama ya duara, limepakwa mshubiri mbichi.

Pazia likashuka. Mtu alibaki mdomo wazi, samaki ndani.

"Sasa kijana," Lokorio akasema, akijipangusa vumbi la kile kigoda kipya, "tunakuuliza kwa desturi yetu. Wewe na mama wa binti mmeheshimiana? Hamjawahi kukutana?"

Jasho lilimtoka Ejore kama amemwagiwa maji. Kudanganya tena hakutaka. Kusema hakuweza.

"Uso wake, wazee wangu," akasema polepole, akilipima kila neno, "sijawahi kuuona."

"Vizuri sana! Na wewe dada, huko ndani, unamjua kijana?"

Watu wakangoja. Sauti ya Akoru ikatoka nyuma ya pazia, laini kabisa: "Mimi namjua mgongo tu."

Wazee wakatikisa vichwa kwa furaha. Hiyo ndiyo heshima! Mgongo tu! Wanawake wa siku hizi hawako tena hivyo! Ejore akapaliwa na samaki, ikabidi Aregae ampige mgongo na kumletea maji. Hoodo, aliyekuja kusaidia kupika, alitoka nje mbio, na wote wakadhani moshi umemwingia machoni.

"Basi dada," Lokorio akasema walipotulia, "tupe neno lako."

Akoru alikuwa anaona lori, anaona mstari mweupe, anaona yule kijana amefunika uso kwa mikono. Mguu ulikuwa unamuuma bado.

"Carol ni mmoja," akasema mwishowe. "Sina wa akiba. Habari ya mifugo ni yenu wanaume, zungumzeni. Mimi nataka jambo moja kwa huyo kijana. Alivyoingia hapa leo, aingie hivyo kila siku. Siku atakayoingia vinginevyo, mtoto wangu namchukua, na ngamia wake nitamrudishia nikiwaswaga mwenyewe. Akikubali hilo, nimekubali."

"Nimekubali," Ejore akasema kabla hajaulizwa.

Vigelegele vikapigwa. Katika kelele hizo Ejore akainuka, akapita karibu na mlango kwa kinyumenyume, macho yamebandikwa ardhini, akainama kama aliyeangusha kitu. Bomba dogo la dawa ya kuungua likasukumwa kwa vidole viwili chini ya pazia.

"Unatupa nini huko?" Aregae akamwuliza.

"Si kitu, mjomba. Kilikuwa cha mwenyewe."

Akoru akaliokota. Lilikuwa la moto kwa kukaa mfukoni tangu asubuhi. Akajipaka, akauma meno, akajipaka tena.

Baadaye Carol akatumwa dukani kuongeza soda za wazee, na Ejore akasema atampeleka. Akoru akawasikia nje wakibishana juu ya nywele. Akasogea mlangoni, akawaashiria wanawake wanyamaze, akatega sikio. Mlio wa mkanda wa kofia unapofungwa kidevuni ni mdogo sana, lakini aliusikia, na alikaa pale mpaka akausikia mara ya pili, ndipo akarudi jikoni.